Tinti Imegoma kwenye Kioo cha Nyuma: Soma Dalili Kabla ya Kubandua

Gari likiletwa na malalamiko ya tinti, swali langu la kwanza ni "lini", la pili ni "kioo kipi". Nani aliibandika sitaki kujua; mara mbili tatu nimegundua ni mimi mwenyewe. Nikishajibiwa nazunguka nyuma ya gari, nainamisha kichwa mpaka mwanga upite kwenye kioo kwa ubavu, natazama ubaya umekaa wapi. Ubaya uliosimama kwenye ukingo wa juu haukuzaliwa saa moja na ubaya wa katikati, na mstari unaofuata nyaya za kuondoa ukungu una mambo yake mengine kabisa. Fundi anayekimbilia kubandua kabla ya kutazama atalirudia kosa lile lile kwa karatasi mpya ya tinti.

Nitazungumzia zaidi kioo cha nyuma, maana ndicho kinachotoa jasho. Vioo vya milango navyo vimebinuka, lakini karibu vyote hubinuka upande mmoja tu, kama bati lililoviringwa kidogo, na karatasi huukubali mbinuko huo bila ugomvi. Kioo cha nyuma cha Vitz, Demio au Mark X kimebinuka kulia na kushoto, halafu juu na chini pia, kama mgongo wa bakuli. Chukua bakuli, lipindue, jaribu kulifunika kwa karatasi ya daftari. Katikati italala. Pembeni itazidi, na ile ziada itasimama mikunjo mikunjo. Hakuna nguvu ya mkono itakayoiondoa, kwa sababu ile si hewa wala maji. Ni karatasi yenyewe imezidi kipimo. Lazima ipunguzwe, na cha kuipunguza ni moto.

Karatasi ya tinti ni poliesta. Kiwandani huvutwa ikiwa moto, halafu hupozwa ikiwa bado imevutika, na ule mvuto hubaki umelala ndani yake. Ukiipasha tena, inataka kurudi ilikotoka: inasinyaa. Lakini haisinyai sawasawa pande zote. Inasinyaa sana kwa urefu wa roli, yaani upande ule unaokunjuka ukivuta roli, na kidogo mno kwa upana wake. Hilo shike vizuri, maana nusu ya matatizo yafuatayo yanatoka hapo.

Tukubaliane na majina, maana kila banda lina yake. Ile plastiki angavu inayofunika gundi nitaiita ganda. Mikunjo inayosimama pembeni tunaiita vidole. Skwiji ni ile raba ya kusukumia maji, kadi ni kipande kigumu cha plastiki cha kubanizia, na hitigani ni ile mashine ya mkono inayopuliza hewa ya moto. Kazi ya kawaida huenda hivi: karatasi inatandazwa nje ya kioo, ganda likikutazama wewe, inabanwa katikati, vidole vinasinyazwa kwa hitigani, inakatwa, ndipo inapelekwa ndani, ganda linatolewa, inabandikwa. Kwa hiyo karatasi inapata umbo la kioo ikiwa nje, kabla gundi haijagusa kitu.

Vidole vinalala ukivibana, baada ya dakika vinasimama tena

Hili ndilo linaloleta watu wengi, basi nitakaa nalo.

Kwanza angalia vidole vimesimama wapi na roli ilitandazwa upande gani. Kidole kinachosimama kwenye ukingo wa juu kinaelekea juu na chini kama kidole cha mkono, lakini ziada yake iko kulia na kushoto. Kidole hicho kitakufa tu ikiwa karatasi inaweza kusinyaa kulia na kushoto, maana yake roli iwe imetandazwa kwa kulala, kutoka ubavu mmoja wa gari hadi wa pili. Watu wenye roli pana la mita moja na nusu hupata tamaa: wanakata kipande kifupi, wanakigeuza, upana wa roli unafunika kioo chote na karatasi inabaki. Kweli umeokoa karatasi. Ila sasa upande unaosinyaa uko juu na chini, na vidole vyako vinataka kusinyaa kulia na kushoto. Utachoma mpaka umeme ukatike.

Kama hujui roli yako inasinyaa upande gani, kwa mfano umeuziwa kipande dukani kikiwa kimeshakatwa, fanya hivi. Kata mraba wa kiganja, chora mshale upande mmoja, upulizie hitigani huku umeushika kwa koleo. Upande utakaofupika ndio upande wa kusinyaa. Dakika moja, na imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote cha bei.

Ikiwa upande ni sahihi na vidole bado vinarudi, tazama unene wao. Kidole kimoja kinene cha upana wa viganja viwili hakisinyai. Kina ziada kubwa kuliko karatasi inavyoweza kuimeza sehemu moja. Kiinue, kigawe. Kidole kimoja kiwe vitano vyembamba vilivyopangana kwa nafasi sawa, halafu kila kimoja kipate moto wake. Ndiyo maana tunabana karatasi kwa umbo la herufi H: mstari mmoja wa kulala katikati ya kioo, na miwili ya kusimama karibu na mbavu za kushoto na kulia. Ziada yote inafukuzwa juu na chini, kati ya ile mistari miwili, ambako unaweza kuigawa upendavyo. Ukibana hovyo hovyo, ziada itajificha kwenye pembe, na pembeni hakuna pa kuigawia.

Kuna wanaosinyaza kwa maji ya sabuni chini ya karatasi, na kuna wanaosinyaza kavu, kwa poda ya mtoto. Mimi kwa mbinuko mkali natumia poda. Napaka nyembamba kioo chote kwa kiganja, halafu nachora ile H kwa sponji yenye unyevu ili karatasi ishike hapo peke yake. Sehemu nyingine inateleza, moto unaenea taratibu, na vidole vinajinyoosha karibu vyenyewe. Kwa maji, maji yenyewe hula joto la hitigani. Unaongeza moto, maji yanageuka mvuke, karatasi inashtuka. Kwenye Probox, ambayo kioo chake cha nyuma kinakaribia kuwa bapa, maji yanatosha na poda ni kujichafua bure.

Moto unaanzia kwenye mstari uliobanwa kuelekea ukingoni, ukiyumba kukatisha kidole, na kadi au kitambaa kilichokunjwa kinafuata nyuma yake mara tu karatasi inapolegea. Usibane kabla haijalegea. Ukibana mapema umeipiga pasi tu, ziada bado imo, na hicho ndicho kidole kitakachosimama kesho mchana gari likiwa juani.

Kama karatasi imeshaingia ndani na kimebaki kidole kimoja kifupi karibu na ukingo, chini ya urefu wa kiungo cha dole gumba, na gundi bado mbichi, unaweza kukiokoa. Kipashe kwa ndani kwa joto dogo na ukibane kwa kadi iliyofungwa kitambaa. Kikiwa kirefu zaidi ya hapo, au kikiwa kimelala siku tatu, usijisumbue. Gundi ya ndani ya mkunjo imeshagusana, na hata kikilala kitaacha mstari.

Alama nyeupe yenye umbo la mwezi mchanga

Huu ni mkunjo, na haujatokana na moto wala maji. Karatasi ilivunjika ilipokuwa ikibebwa. Poliesta ikikunjwa kwa ncha kali inabaki na kovu, na kovu hilo halina dawa: si joto, si siku za jua, si skwiji.

Utaliona mara nyingi upande wa chini, kwenye ile rafu ya nyuma ya gari la saluni, ambako mkono haufiki. Fundi ameingia peke yake, ameshika karatasi pana kama kanga mbili, kichwa kimegonga dari, karatasi ikajikunja. Toa vizuia kichwa vya siti ya nyuma. Kama taa ya breki ya juu inafunguka, ifungue. Karatasi iviringe kwa ulegevu, ganda likiwa bado juu yake, iingize ikiwa imeviringwa, kisha toa ganda kidogo kidogo kuanzia juu huku mwenzako akipulizia maji. Kazi hii ni ya watu wawili. Anayekwambia anaifanya peke yake kwenye Crown, muulize ametupa karatasi ngapi.

Karatasi imekuwa kama utando wa maziwa, au ina mawimbi

Umeiunguza. Poliesta inaanza kulegea joto likipita nyuzi 70 au 80 hivi za Selsiasi, na inayeyuka karibu na 250. Hitigani nyingi za madukani, zile za wati 2000, mdomoni zinatoa 500 na zaidi swichi ikiwa namba mbili. Hesabu hiyo yenyewe inakwambia kinachookoa karatasi ni umbali na mwendo. Mkono ukisimama, hata kwa kupepesa macho mara mbili, umeshachelewa.

Dalili zina ngazi. Mwanzo karatasi inapoteza mng'ao, inakuwa na ukungu ukiitazama kwa ubavu. Halafu inatoa vijiwimbi kama ngozi ya chungwa. Mwisho inatoboka au ganda linajishikiza kwenye gundi na kugoma kutoka. Ngazi ya kwanza, ikiwa ndogo na iko ndani ya ule mkanda wa rangi nyeusi uliochomewa pembeni mwa kioo, mteja hataiona. Ngazi ya pili na ya tatu, kata nyingine.

Na kuna hasara kubwa kuliko karatasi. Kioo cha nyuma kimetengenezwa ili kikipasuka kiwe chenga, na kinachukia sehemu moja iwe moto mkali wakati jirani yake ni baridi. Asubuhi moja ya masika nilileta hitigani kwenye kioo kilichotoka kuoshwa kwa maji baridi, nikaanzia pembeni kwa sababu kidole kilikuwa kinaniudhi. Ulisikika mlio kama wa chupa, halafu kioo chote kikawa sukari guru kwenye buti. Nilikinunua mimi. Tangu siku hiyo kioo baridi nakipitishia moto wa mbali kwanza, chote, mpaka kiganja kihisi uvuguvugu sawa kila mahali. Kioo chenye ufa au jeraha la jiwe sikipashi kabisa, namwambia mwenyewe kabla sijafungua roli.

Nje ilikaa vizuri, ndani haitoshi

Hapa lawama hupewa roli, na roli haina kosa. Tazama kwanza ulikatia wapi. Kioo kwa nje kinaonekana chote, kwa ndani kimelaliwa na raba na plastiki pembeni. Ukikata kwa kufuata ukingo wa nje, ndani karatasi itapanda juu ya raba na kusimama. Kata ndani ya mkanda mweusi, karatasi iishie kwenye weusi, si kwenye raba. Kwenye gari la mlango wa nyuma wa kunyanyua, tazama pia mota ya waipa inavyokatiza chini. Wengine husahau mpaka dakika ya kubandika.

Ikiwa ukubwa ni sahihi lakini katikati inabaki imening'inia, haigusi kioo, ulisinyaza kupita kiasi. Karatasi sasa imekuwa ngoma iliyowambwa. Mara nyingi ulipasha hata zile sehemu za H ambazo hazikuwa na ziada. Joto kidogo kwa ndani linaweza kuilegeza ikalala kama nafasi ni ndogo. Ikining'inia kiasi cha kupitisha ncha ya kidole, itajibandua tu, leo au wiki ijayo.

Ikiwa umbo halikubaliani kabisa, vidole vinazuka mahali pasipokuwa navyo nje, umeibandika ikiwa imehama. Umbo ulilolitengeneza ni la sehemu ile ile tu. Sogeza sentimita mbili na mbinuko wa karatasi hauko tena juu ya mbinuko wa kioo. Mimi naweka alama ndogo katikati ya ukingo wa juu na wa chini, kwenye ganda, na kipande cha selotepu kwenye kioo kwa nje. Alama zikikutana, ndipo naanza kusukuma maji.

Jambo dogo la kukatia: tumia wembe wa chuma kisichoshika kutu badala ya ule wa chuma kigumu cha kawaida. Ni laini zaidi kwa kioo, unaisha haraka, lakini mkwaruzo uliouacha kwenye kioo cha mteja hauishi. Vunja ncha mpya kila kioo.

Pembe zimefumuka siku ya pili au ya tatu

Chunguza pembe yenyewe kwa ncha ya kucha. Gundi ikiwa safi na bado ina unyevu, una bahati: pulizia maji kidogo yenye tone la sabuni, bana, futa, acha. Gundi ikiwa na mchanga, nyuzi za kitambaa au mafuta, haitashika tena hata uibembeleze.

Chanzo cha kawaida hapa kwetu ni yale mafuta ya kung'arisha raba na dashibodi ambayo waosha magari huyapenda. Yanapanda kwenye kioo, macho hayayaoni, gundi inayaona. Futa ukingo wa kioo kwa spiriti kabla ya kazi, si kwa maji ya sabuni pekee. Chanzo cha pili ni sabuni nyingi. Matone machache kwenye lita moja yanatosha. Kazi ya sabuni ni kuifanya karatasi iteleze ukiipanga. Ukiona povu linabaki juu ya kioo kama la kufulia, umezidisha, na gundi itakawia kushika.

Chanzo cha tatu ni mteja. Kioo cha mlango kikishushwa kesho yake, raba inakamata ukingo wa chini au wa juu na kuukunja kama ukurasa. Siku 3 hadi 5 za jua vioo visiguswe. Mimi nabandika selotepu juu ya swichi za madirisha, kwa sababu maneno husahaulika ukifika kwenye foleni na joto lake.

Pembe za kioo cha nyuma zikifumuka zote nne kwa pamoja, rudi juu ukasome kuhusu vidole. Hizo zinavutwa na ziada au upungufu wa umbo, na hakuna gundi itakayoshindana na karatasi inayotaka kurudi.

Malengelenge: maji, hewa au uchafu?

Yote matatu mteja ataita "mapovu". Bonyeza kwa ukucha kupitia kitambaa. Kikisogea na kubadilika umbo, ni maji. Kikizama na kurudi pale pale, ni hewa. Kikiwa na kitu kigumu katikati kama punje ya mtama, na duara dogo linalokizunguka, ni vumbi.

Maji yanatoka yenyewe kupitia karatasi. Wakati wa kiangazi, gari likilala juani, siku chache tu. Wakati wa masika inaweza kufika mwezi. Ukungu hafifu wa wiki ya kwanza ni maji hayo hayo, na mteja aambiwe kabla hajauliza. Hewa haitoki. Inatokana na skwiji iliyoruka sehemu, mara nyingi pale mbinuko unapobadilika ghafla, kwa hiyo kwenye mbinuko mkali tumia skwiji nyembamba na mapigo yanayopandana, kutoka katikati kwenda nje. Kama gundi ni mbichi, inua ukingo wa karibu, pulizia, sukuma upya. Kutoboa kwa sindano ni siri ya mafundi wengi. Inafanya kazi kwa kiputo kimoja, vikiwa kumi unahitaji karatasi.

Vumbi usipambane nalo baada ya kazi. Pambana nalo kabla: feni izimwe, milango ifungwe, sakafu inyunyiziwe maji, na usivae fulana inayotoa nyuzi. Banda la kando ya barabara ya vumbi litakupa punje chache kila siku, hata ufanye nini. Mimi nahesabu zilizo kwenye macho ya dereva; za pembeni namwonyesha mwenye gari na tunakubaliana.

Zipo pia chembe nyeupe ndogo ndogo, zilizotawanyika kila mahali, zinazoonekana baada ya karatasi kukauka. Hizo nilizihangaikia muda mrefu nikidhani ni uchafu wa hewani, hadi nilipobadilisha maji. Maji mengi ya visima vya Dar es Salaam yana chumvi, na karatasi ikikauka maji yanaondoka, chumvi inabaki. Weka maji ya kunywa kwenye chupa yako ya kupulizia. Kioo kimoja hakimalizi hata lita mbili.

Mkanda mweupe juu, kwenye vidoti vyeusi

Pembeni mwa kioo cha nyuma kuna rangi nyeusi iliyochomewa, ikiishia kwa vidoti. Vidoti vimeinuka juu ya kioo, karatasi inakaa juu yake kama mkeka juu ya kokoto, na hewa ya katikati inaonekana nyeupe. Si kosa la mbinuko, ingawa kwenye kioo kilichobinuka huonekana zaidi.

Ubane mkanda huo mweupe kwa kadi siku hiyo, halafu rudi siku inayofuata ubane tena gundi ikiwa imeanza kushika. Unapungua, hauishi. Wapo wanaosugua vidoti kwa msasa. Sifanyi hivyo, ukiteleza umekwaruza kioo kitupu. Mteja asiyevumilia, namwekea mkanda mwembamba mweusi wa stika juu ya vidoti kwa nje.

Mistari inayofuata nyaya za kuondoa ukungu

Kila waya ni kituta kidogo, na karatasi inajenga hema juu yake. Sukuma maji kwa kufuata waya, ubavu hadi ubavu, na usikatishe. Hema dogo litakalobaki linalala lenyewe maji yakikauka.

Wembe usiupitishe juu ya nyaya hizo wakati wa kusafisha. Mstari mmoja ukikatika hauonekani, ila asubuhi yenye ukungu utabaki utepe usiokauka, na mwenye gari atakukumbuka. Kuna rangi ya fedha ya kuunganishia, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme wa magari. Jaribu nyaya kabla ya kuanza kazi na mwenyewe akiwepo, maana magari mengi ya mtumba hufika zikiwa zimeshakatika.

Rangi imekuwa zambarau, au ndani ni giza kuliko ulivyoahidi

Zambarau ni rangi ya bei rahisi iliyouawa na jua. Umbo na gundi havihusiki. Badilisha aina ya karatasi. Giza nalo mara nyingi linatokana na kioo chenyewe: magari mengi kutoka Japani yana vioo vya nyuma vilivyotiwa weusi kiwandani. Kioo kinachopitisha 20% ya mwanga, ukikibandika tinti ya 20, yaani nayo inayopitisha 20%, hakibaki 20. Unazidisha: inabaki 4%. Usiku mvua ikinyesha, hakuna kurudi nyuma kwa kutumia kioo hicho.

Ikibidi kubandua

Jua ni fundi msaidizi asiyelipwa. Pulizia maji ya sabuni kwa nje, tandaza mfuko mweusi wa plastiki juu ya kioo ushike, egesha gari juani saa moja au mbili. Gundi inalainika. Halafu ingia ndani, anza pembe moja, vuta polepole sambamba na nyaya, karatasi ikiwa imelala karibu na kioo badala ya kuivuta moja kwa moja kuelekea kwako. Inapotoka na kuacha gundi nyuma, umeenda haraka au imepoa. Simama, pasha tena.

Gundi iliyobaki ilowanishe kwa tishu zilizochovywa kwenye maji ya sabuni ya moto, ziache zishikilie robo saa, kisha sugua kwa kitambaa kikwaruzacho kidogo, ukifuata waya. Ukiona waya unainuka pamoja na gundi, acha hapo hapo, hata kama kioo kimebaki na doa.